Mlio wa Alfajiri na Hewa Isiyonuka

Aliyeusikia mlio ule mara ya kwanza hatukuwa sisi tulioshika usukani. Alikuwa ni mama wa watoto wetu. Alfajiri moja, miezi mitano kabla ya safari tutakayoisimulia, tulikuwa tumewasha gari ili tumshushe kwa dada yake kisha tuelekee madrasa, naye akatega sikio na kusema: "Maalim, gari hili lina kikohozi." Tulimjibu kwamba gari lililopita miaka 30 lina haki ya kukohoa, tukaondoka. Tulipolikaribia daraja la Nyali mlio ulikuwa umetoweka, nasi tukajihesabu kuwa tumeshinda hoja.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, lile lenye mgongo mrefu na safu tatu za viti, ambalo wasomaji wetu wa makamo watalikumbuka vyema. Magari hayo yaliunganishwa papa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Miritini, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa teksi za masafa marefu nchini Kenya. Yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Hatuyataji haya kwa kujigamba, au tuseme tunajigamba kidogo tu; muradi wetu ni msomaji aijue injini tunayoizungumzia. Ni ya zamani, ya karabureta, na plagi zake nne hupata umeme kwa nyaya ambazo fundi anaweza kuzichomoa moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma. Habari ya nyaya hizo itatufaa mbele.

Siku zilipita, na mlio haukukoma. Ulikuwa ni wa ko-ko-ko wa harakaharaka, ukizidi kila tulipokanyaga mafuta. Tulilipeleka gari gereji moja ya mjini saa kumi alasiri, na kwa kuwa lilikuwa limezunguka mchana kutwa, halikutoa hata mguno. Fundi alitutazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa kujisingizia. Mara ya pili tulilaza gari pale pale, na asubuhi akausikia kwa masikio yake. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, mlio ukabaki vile vile. Wa pili, vile vile. Wa tatu, hali kadhalika. Alipochomoa wa nne, mlio ukafifia. Akajifuta mikono na kutoa hukumu: "Injini imenoki." Maana yake ni kwamba beringi inayoushika mkono wa pistoni ya nne kwenye krenkishafti imelika, na hakuna dawa ila kuifungua injini yote. Bei yake ilikuwa shilingi 85,000.

Fedha hizo tulikuwa nazo, lakini zilikuwa na jina la mtu mwingine: ni karo ya chuo ya kitinda mimba wetu. Tukamwambia fundi kwamba tutafikiri. Na jinsi tulivyofikiri ni aibu kuisema, lakini tutaisema: tukawa kila tukiwasha gari asubuhi tunaongeza sauti ya kaseti ya kasida mpaka tusiusikie mlio. Mama naye akawa kila tukiongeza kaseti, hutegea iishe ubeti, kisha husema polepole, "Bado upo."

Binti yetu ameolewa na kijana wa Mombasa ambaye kazi yake ni kununua viazi vya Kiirua na kuvipakia malori kuelekea soko la Kongowea. Wengi wetu tunavila viazi hivyo katika biriani na katika mbatata za urojo bila kujua vimetoka wapi. Kiirua iko katika Kaunti ya Meru, upande wa Buuri, kwenye mabega ya Mlima Kenya. Julai iliyopita binti huyo alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na kwa ada yetu mwanamke hujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake. Daktari alimruhusu kusafiri iwapo atapumzishwa njiani. Ndipo tukaamua kwenda kumchukua kwa gari letu wenyewe, lenye nafasi ya kulala.

Tulilala Nairobi usiku wa kwanza. Kutoka Mombasa hadi hapo tulikwenda madirisha wazi kama ilivyo desturi ya watu wa pwani. Siku ya pili, tulipoiacha Embu, manyunyu yalianza na baridi ikatuingia mifupani. Tukafunga madirisha yote manne. Tukafanya na jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tulimiliki gari hili: tukafungua hita. Tulipita Chuka, tukateremka kwenye lile daraja la Nithi ambalo mteremko na kona zake zimekwisha kuua watu wengi, tukapanda ng'ambo ya pili tukisoma dua. Hapo ndipo Mama aliposema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Sisi wenyewe tulikuwa na usingizi mzito, usio wa saa ile. Tukasema ni kona, ni urefu wa milima, ni kuzeeka.

Nkubu tulisimama kwa ajili ya Adhuhuri. Tulikaa nje kama nusu saa, tukatawadha kwa maji ya baridi kali, tukasali, tukanywa chai kibandani. Kichwa cha Mama kikatulia. Tukarudi garini, tukafunga madirisha, na kabla hatujafika mjini Meru kichwa kilikuwa kimerudi. Hatukuliunganisha jambo hilo na jambo jingine lolote.

Tuliingia Kiirua Magharibi inakaribia. Ni mahali pazuri. Mashamba ya viazi na maharagwe yamepangana juu ya miinuko, mlima uko nyuma yako, na mbele, upande wa kaskazini, ardhi huteremka na kuteremka mpaka nyanda kavu za Isiolo. Lakini baridi ya Julai pale si ya kusimuliwa kwa mtu aliyezaliwa Kibokoni. Binti yetu alitupokea akiwa amejifunga mashuka mawili na shali, na chumbani mwake mlikuwa na jiko la makaa linalowaka taratibu, mlango umefungwa ili joto lisitoke. Tulikaa pembeni mwake tukaota moto. Tulimshukuru mkwe wetu kwa kumtunza.

Alfajiri ya pili yake tuliliwasha gari. Msomaji mpenzi, lile halikuwa kikohozi tena. Lilikuwa kama mtu anayepiga debe kwa kijiti nje ya madirisha ya majirani. Mombasa mlio huo hukoma baada ya dakika mbili tatu. Kiirua ulidumu karibu robo saa. Mkwe wetu alitoka na tochi. Binti alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, akauliza, "Baba, ndilo tutakalosafiria hili?"

Karibu na soko kuna gereji ya mabati ya mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, ambaye madereva wa malori ya viazi humwamini. Tulipofika injini ilikuwa imekwisha kupata moto. Akalitazama gari, akatutazama sisi, akasema tuliache hapo hadi kesho lipoe kabisa. Hakugusa hata spana. Tulidhani ametudharau.

Asubuhi tulirudi, sisi na Mama na mkwe wetu. Kabla ya kufungua boneti aliuliza, "Unalia lini?"

Tukaanza kumweleza kwamba ni mlio wa chuma, kwamba fundi wa mjini amesema ni beringi, kwamba waya wa nne ulipochomolewa...

"Mzee, sijauliza unaliaje. Wala sijauliza nani alisema nini. Unalia lini?"

Tukanyamaza. Miezi mitano tulikuwa na mlio ule, na hatukuwa na jibu la swali lake. Aliyejibu ni Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. Alisema mlio huanza gari likiwashwa baada ya kulala usiku, si likiwashwa mchana. Alisema hupungua joto linapopanda, na siku za mvua huchelewa kupungua. Alisema tukipanda mlima gari likiwa bado baridi, huwa mkali, na tukiachia mafuta hunyamaza ghafla. Alisema hutoka upande wake, mbele ya miguu yake, si upande wa dereva. Alisema kuwa si ko-ko-ko kama tunavyodai sisi. Ukitega sikio vizuri ni pu-pu-pu, kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Mzee wa kofia alitikisa kichwa. "Mama ameshamaliza kazi," akasema. "Mimi nitatafuta tundu tu."

Aliyotueleza baadaye, akifanya kazi, tunayaandika kama tulivyoyaelewa. Sisi tulisoma nahau na fiqhi, ufundi hatukusoma. Beringi ya mkono wa pistoni hutegemea utando wa oili. Injini ikiwa baridi oili ni nzito, huujaza ule uwazi uliolika, na mlio huwa mdogo. Injini ikichemka oili huwa nyepesi kama maji, chuma hukutana na chuma, na mlio huzidi. Basi beringi mbovu hulia zaidi gari likiwa moto. La kwetu lilikuwa kinyume chake. Kinacholia kwenye baridi na kunyamaza kwenye joto, mara nyingi ni kitu kilichonywea kwa baridi kikaacha mwanya, kisha kikatanuka kwa joto kikauziba: pistoni iliyolegea ndani ya silinda yake, au maungio ya bomba la moshi. Na pwani, ambako hata alfajiri ya Julai haina baridi ya kuumiza chuma, mwanya huo huzibika upesi. Baridi ya Kiirua iliukuza ugonjwa mpaka ukaonekana.

Lakini waya wa nne je? Fundi wa Mombasa hakudanganya. Alipouchomoa, mlio ulififia kweli. Mzee alicheka. Silinda isiyo na umeme haichomi mafuta, kwa hiyo haisukumi mkono wa pistoni, na beringi yake hutulia. Silinda hiyo hiyo, kwa kuwa haichomi, haina moshi wa nguvu wa kutoa, na kama bomba lake linavuja, mvujo nao hutulia. Magonjwa mawili, jibu moja. Tuliosoma chuoni tunajua habari hii: be, te na the ni umbo moja, na anayesoma bila nukta anaweza kusoma neno zima sawasawa na likawa si neno lililoandikwa. Nukta yake ilikuwa ni lile swali la "lini".

Alianza na kijiti cha oili. Kiwango kilikuwa sawa, na oili haikuwa na chengachenga za chuma zinazometameta. Akawasha injini. Akashika bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini sehemu moja baada ya nyingine na mpini akauegemeza sikioni, maana chuma hupeleka sauti ya chuma. Akasikiliza juu kwenye tapeti, chini kwenye krenkishafti, mbele kwenye pampu ya maji. Kisha akaiweka bisibisi chini na kuchukua kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mkono, mwisho mmoja sikioni, mwingine akiutembeza bila kugusa kitu. Bisibisi husikia chuma, alisema, na mpira husikia hewa. Ulipofika penye manifodi, lile bomba la chuma kizito linalopokea moshi kutoka kwenye silinda, akatuita tusikie. Pu-pu-pu. Pu-pu-pu. Tulimpisha Mama naye asikie, akatabasamu bila kusema neno, na tulitamani angesema.

Akamwambia mkwe wetu akunje gunia bichi na kuziba kwa sekunde mbili tatu mdomo wa bomba la moshi huko nyuma. Mvujo ukazidi kuvuma. Alipozima na kumulika, ukaonekana mstari wa masizi meusi ubavuni mwa injini, penye tundu la silinda ya nne. Stadi moja ilikuwa imekatika, yumkini zamani, na gasketi ilikuwa imeungua hapo kama ukingo wa karatasi uliopitiwa na mshumaa.

Tulipumua. Tulikwisha kuanza kuhesabu moyoni zile 85,000 zilizosalimika. Ndipo mzee alipoacha kucheka na kuuliza swali la pili, na tena hakutuuliza sisi.

"Mama, mlipokuwa mnakuja huku, mlifunga madirisha?"

Mama akamweleza: Embu, hita, Chuka, kichwa, kichefuchefu, Nkubu kupona, Meru kuugua tena. Alivyokuwa akieleza, tulisikia baridi nyingine isiyo ya Julai.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na damu mahali pa oksijeni, na hushikamana kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo kidogo chake huondoa kingi cha uhai. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi; anayelala nayo huenda asiamke. Na mwenye mimba hatari yake ni maradufu, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huishika gesi hiyo kuliko damu ya mama, na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kuhisi kichwa tu, na mtoto ameumia.

Moshi wetu ulikuwa ukivujia ndani ya boneti. Mlio uliponyamaza kwa joto, mzee alisema, tundu lilikuwa limebanwa, halikuwa limezibwa. Kila tulipopanda mlima na kukanyaga mafuta liliendelea kutoa. Na katika ukuta unaotenga injini na abiria, vile vitundu vya kupitishia nyaya na mabomba, mipira yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Hita ndiyo iliyokuwa ikivuta hewa ya huko na kutuletea miguuni, sisi tukashukuru kwa joto. Pwani miaka yote dirisha wazi lilikuwa limetuhifadhi bila sisi kujua.

Basi Mama hakungoja amalize. Alitoa simu akampigia binti. "Amka ufungue mlango na dirisha. Lile jiko litoe nje. Sasa hivi, mwanangu, usisubiri lizimike." Kwa kuwa makaa yanayowaka taratibu katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ile ile, na kwa wingi. Sisi wanne tuliokaa chumbani humo usiku wa kwanza, tukaota moto na kumshukuru mkwe, hatukulikumbuka hilo hata mmoja. Binti alisema baadaye kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka na kichwa kizito, na kila mtu alimwambia ni mimba. Siku hiyo hiyo mumewe alimpeleka hospitali ya misheni iliyo hapo Kiirua, wakampima, na mapigo ya moyo ya mtoto yakasikika vizuri. Alhamdulillahi. Mama aliporudi nyumbani alikuta mkwe wetu amekwisha kununua blanketi mbili nzito na mpira wa maji moto.

Matengenezo yalichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa ni kungoja. Nati zilizochomwa na joto la miaka hazifunguliwi kwa nguvu. Alizinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu na kuziacha, akarudi baada ya muda, akanyunyizia tena. Kisiki cha ile stadi iliyokatika alikichomelea nati juu yake ili apate pa kushika, na joto la kuchomelea likailegeza kutu, kikatoka. Alipoweka rula ya chuma juu ya uso wa manifodi mwanga ulipita chini yake: ilikuwa imepinda. Angeweka gasketi mpya juu ya uso uliopinda, ingeungua tena kabla hatujafika Voi. Mkwe wetu aliichukua akaipeleka mjini Meru ikasawazishwa kwa mashine. Kisha gasketi mpya, stadi mpya, na nati zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu. Injini ikawashwa mpaka ikapata moto, ikazimwa, ikapoa usiku kucha, na asubuhi nati zikakazwa tena. Mwisho akabadilisha mipira ya vile vitundu ukutani, kazi ambayo hatukumwagiza. Jumla yake, pamoja na mashine ya Meru, ilikuwa shilingi 6,200.

Katika kungoja huko tulimuuliza habari ya milio mingine. Unaolia kama paka gari likiwashwa asubuhi yenye unyevu, kisha ukakoma, mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea au uliokauka, nao ni wa bei ndogo. Mngurumo wa kusaga unaofuata kasi ya injini, ukitokea mbele, huenda ni beringi ya pampu ya maji au ya altaneta. Hiyo isingojewe, maana pampu ikifa injini huchemka. Mlio kama wa changarawe zikitikiswa ndani ya kopo gari linapopanda mlima likiwa na mzigo ni mafuta yanayowaka kabla ya wakati wake, na hurekebishwa kwa kupanga upya taimingi. Tiki-tiki nyepesi juu ya injini, mfululizo, ni tapeti zinazotaka kupimwa. Hayo yote yanakupa muda wa kufika kwa fundi. Ila mlio wowote unaokuja pamoja na taa nyekundu ya oili haukupi hata dakika: zima injini hapo ulipo, hata kama ni katikati ya Mariakani usiku. Na ukimwendea fundi, alisema, nenda na gari katika hali linayolia. Kama linalia baridi, lilaze kwake. Kama linalia moto, mwendeshe yeye mwenyewe.

Tulipomlipa tulimwuliza alijuaje kumuuliza Mama. Akasema dereva husikiliza barabara. Abiria ndiye anayelisikiliza gari.

Tuliondoka Kiirua siku ya tano, baada ya Alfajiri, baridi ikiwa ile ile. Tuliwasha injini, na Mama hakuingia. Alizunguka mbele, akainama karibu na boneti akiwa na shali kichwani, akasikiliza kwa muda uliotutosha sisi kusoma dua ya safari mara mbili. Kisha akamkalisha binti safu ya kati na mito mitatu, akateremsha kioo chake na kuacha mwanya wa vidole viwili, na kuturuhusu kuondoka. Hita hatukuifungua. Nithi tuliivuka polepole, jua limechomoza, kila mmoja na kichwa chake chepesi.

Tulipoifikia Embu tulinyoosha mkono kuitafuta kaseti. "Iache kwanza," akasema Mama. "Mlango wa nyuma wa kushoto una kitu."